Mpaka wa Mchaichai

Panga la Lamwaka lilijikita udongoni, kidole kimoja tu kutoka mguu wa Kaltumi.

"Mchaichai wako unakula ardhi yangu," Lamwaka alisema.

"Ardhi gani? Wewe ulikuja Namuwongo na godoro moja, Mama Onen. Mimi nimezaliwa hapa."

Jamani, wanawake hawa. Mwaka wa tatu sasa walikuwa wakigombania ukanda wa majani usiozidi upana wa mkeka. Huku mchaichai mrefu wa Kaltumi, huku nyasi fupi alizopanda Lamwaka. Kesi ilikuwa kwa mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, na kila ilipokaribia kwisha, mmoja wao alizua shahidi mpya.

Na ardhi yenyewe inauzwa na mwenye hati. Mnunuzi alikuwa amesimama pale pale, viatu vyake vinang'aa. Akinunua, nyumba zote mbili zinavunjwa na watoto wanalala kando ya reli. Mtaa mzima ulilijua hilo. Badala ya kushikana mikono, wao wanashikana mashati. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Helen, muuza makaa wa jirani, aliwaambia usoni. "Hata majani yenu yana akili kuwashinda. Kiangazi kile nyasi za Mama Onen zilipona kwa kivuli cha mchaichai, za kwingine zote zilikauka. Ng'oeni shina moja muone, mizizi imeshikana huko chini."

"Kauze makaa yako," Kaltumi alimjibu, akatema mate chini.

Mnunuzi alijaribu upole. "Mama zangu, mpaka wenu uko wapi?"

Walionyesha pande mbili. Kisha Kaltumi akainua beseni la maji ya kufulia, akammwagia Lamwaka yote. Lamwaka, gauni limemganda mwilini, akaapa kwenda mahakamani hadi wajukuu wake waote mvi.

Mnunuzi akamgeukia mwenyekiti, Mzee Ocaya. "Barua yangu ya ununuzi utaitia muhuri leo?"

"Ardhi yenye kesi siigongei muhuri. Wamalize kwanza."

"Watamaliza lini?"

Mzee Ocaya aliwatazama wale wawili, akachoka. "Wewe ni wa nne kuniuliza mwaka huu."

Mnunuzi alikunja karatasi zake, akaingia garini, akaondoka bila kuaga. Majirani nao wakatawanyika wakiguna. Aibu gani hii kwa watu wazima.

Lamwaka alichomoa panga lake udongoni. Akazunguka nyuma ya nyumba ya Kaltumi, maji bado yanamchuruzika, na kusukuma mlango wa jikoni bila kubisha.

Mezani palikuwa na leso kavu na vikombe viwili vya chai ya mchaichai.

"Kunywa kabla haijapoa," Kaltumi alisema, akijipapasa mguu. "Na akija wa tano, dada yangu, panga nashika mimi."