Daftari Lisilofutwa

Sanduku la msaada wa madaftari na kalamu lilipofunguliwa shuleni, nilianza na yule ambaye darasa zima lilimwita Kifutio. Daftari lake la Kiingereza lilikuwa lile lile tangu kidato cha kwanza: anaandika insha kwa penseli, nasahihisha kwa penseli, anafuta, anaandika nyingine hapo hapo. Karatasi zilikuwa zimekonda hadi upande wa pili ukaonekana.

Nikampa daftari jipya na kalamu ya wino.

"Mwalimu, nikiandika humu sifuti tena?"

"Hufuti. Likijaa, njoo uchukue jingine."

Akaufungua ukurasa wa kwanza, akaupapasa kwa kiganja. Kalamu ikagoma kushuka.

"Kuna insha niliyoandika kumhusu mama, nikaifuta," akasema, "wiki moja kabla hajafariki. Naomba niirudie."