Nyayo na Jua la Pembeni

Asubuhi ya tatu, mke wa mpiga picha alivaa tena viatu vya mumewe, akavijaza vitambaa huko mbele visije vikamvuka, akashuka ufukweni kabla jua halijachomoza. Alivaa na koti lake na kofia yake. Mfagiaji wa hoteli alimpungia mkono kutoka mbali, naye akagusa kofia kwa vidole viwili, kama mumewe alivyozoea. Mfagiaji akarudi kwenye ufagio wake. Afadhali.

Picha ilikuwa ya kalenda ya hoteli, na hoteli ilimtaka mumewe, si mtu mwingine. Majirani alishawaambia kwamba mumewe mgongo umembana, hawezi kuinuka, na hataki wageni. Majirani walielewa upesi, maana hasira za bwana yule walikuwa wanazijua. Shida ilikuwa shemeji. Huyu mdogo wa mumewe ndiye aliyesafisha picha zote za kaka yake kwenye studio yao mjini, na jicho lake halikuwa la kuchezewa. Akigundua kwamba picha imepigwa na mkono mwingine, yamekwisha.

Na jana nusura agundue. Mke alikuwa amemtumia picha ya siku ya kwanza kwenye simu, kumpima tu. Hazikupita hata dakika mbili, shemeji akapiga.

"Shemeji, hii kapiga kaka kweli?"

"Kwa nini unauliza?"

"Bahari imekata picha katikati. Kaka hajawahi kufanya hivyo tangu nipate akili. Halafu nyayo ziko wapi?"

Ilibidi ajichekeshe, akasema hiyo ni yake mwenyewe, alikuwa anachezea kamera, na kwamba kesho kaka atakwenda, mgongo umeanza kulegea. Shemeji naye akacheka, akamwambia basi amsalimie mzee wa nyayo.

Nyayo ndizo zilizokuwa sahihi ya mumewe. Kila picha yake ya ufukweni ilikuwa na jiwe mbele, upande wa kushoto, bahari imepandishwa juu, na katikati nyayo za mtu mmoja zikielekea majini, ili macho ya mtazamaji yapate njia ya kufuata. Alizitembea mwenyewe. Akishaingia majini, alizunguka humo humo hadi kwenye mawe ya kulia, akarudi nyuma ya kamera bila kuchafua mchanga.

Mkewe aliyajua yote hayo. Miaka tisa alikuwa mbeba stendi ya kamera. Aliyajua kwa shingo yake, kwa sababu mumewe alipofundisha hakupoteza maneno. Alimkamata kisogo, akamgeuza kichwa kuelekea kwenye mwanga, na kumbana mpaka aseme ameuona. Mara nyingine alikuwa ameuona zamani. Alimwogopa sana mtu yule, na hata sasa, ufukwe mzima hauna mtu, aliogopa kukosea.

Alianza na kamera. Aliiteremsha hadi usawa wa magoti, jiwe likakaa kushoto, akainamisha lenzi kidogo kidogo mpaka bahari ikapanda mahali pake. Kisha akatembea. Alirefusha hatua kama mwanamume mwenye haraka zake, akitanguliza visigino. Maji yalipomfika magotini alikata kulia, akapanda mawe, akarudi.

Siku ya kwanza mawingu yalimharibia. Nyayo zilikuwapo lakini hazikuwa na kivuli, kwa hiyo ni kama hazikuwapo. Siku ya pili maji yalijaa, yakazifuta kabla mwanga haujafika. Leo jua lilitokea kushoto, chini kabisa, mwanga ukapita juu ya mchanga kwa ubavu, na kila unyayo ukajaa giza upande mmoja. Jua la namna hiyo halidumu. Likipanda kidogo tu, mchanga wote unakuwa bapa kama meza.

Alipiga mara saba, akainama kutazama kioo cha kamera. Bahari ilikuwa juu, jiwe lilikuwa kushoto, na nyayo zilikwenda moja kwa moja hadi majini. Ilikuwa picha ya mumewe kabisa. Aliona fahari, kisha akaona aibu kwa kuona fahari.

Hakuikunja stendi. Aliiacha kamera palepale ikiwa imewashwa, akavua viatu akavibeba, akapitia juu ya mawe hadi nyumbani. Alioga, akavaa gauni lake, akanywa chai bila sukari kwa kusahau. Alingoja mpaka jua likawa kali, akachukua simu.

"Shemeji," alisema, "kaka yako ametoka alfajiri kwenda kupiga picha, mpaka saa hizi hajarudi. Nimemfuata kule, nimekuta kamera tu."

Shemeji akaanza kulia. Mke naye akalia, na wala hakuwa anaigiza. Yalikuwa machozi yake ya kwanza tangu Jumapili, alipomzika mumewe peke yake nyuma ya nyumba.