Mkufu Usio na Kosa

Pelagia aliusogeza mkufu karibu na macho, akaupitisha vidoleni punje kwa punje kama anayesali, kisha akaukata kwa wembe. Shanga zikamwagika ndani ya ungo.

"Una kosa," alisema. "Anza upya."

Goreth, mke wa mwanawe, hakuuliza kosa liko wapi. Huo ulikuwa mkufu wa kumi na mbili. Aliuvuta ungo, akaanza kutenganisha nyekundu na nyeupe.

Anicet, mumewe, aliondoka Magamba mara tu baada ya kupanda mahindi, akaenda kuchimba dhahabu mkoa wa mbali, safari ya siku mbili kwa basi. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili. Kisha, kabla ya Pasaka, simu ikanyamaza.

"Haipatikani, mama," Goreth alilalamika.

"Chini ya ardhi mtandao utoke wapi?" Pelagia alijibu bila kuinua uso.

Siku Goreth alipofunga nguo zake ili amfuate, mama mkwe alimkalisha chini.

"Machimboni, mwanamke asiye na kazi ya mikono anaishia kuuza pombe. Nitakufundisha shanga. Siku utakayomaliza mkufu mmoja usio na kosa, nitakusindikiza stendi mimi mwenyewe."

Goreth alikubali. Nusu ya rozari za parokia zilitoka mikononi mwa mama huyo. Angemtafuta mwalimu gani mwingine?

Lakini vidole vya Goreth vilizoea jembe. Mkufu wa kwanza aliutunga kwa uzi wa cherehani. Jasho likauloanisha, ukakatika shingoni siku hiyohiyo. Akahamia kwenye mshipi wa kuvulia samaki. Huo haukukatika, ila mafundo yake yaliteleza yakafunguka yenyewe. Akajaribu kuchoma ncha kwa kibiriti, akayeyusha shanga tatu pamoja na ngozi ya kidole gumba. Mwishowe akajua kupiga fundo mara tatu, kulikaza kwa meno na kulificha ndani ya tundu la shanga. Hapo tena hesabu ikampotea: nyekundu mbili, nyeupe moja, ghafla nyeupe tatu zimefuatana. Akajifunza kuhesabu kwa sauti.

Mwanzoni Pelagia alimwonyesha: hapa pamelegea, hapa umeruka. Siku hizi haonyeshi kitu. Anakata tu.

Mahindi yakavunwa, yakapukuchuliwa. Pelagia alikuwa amekonda, chakula anakigusa na kukisukuma. Goreth hakumhurumia. Alikwishaona kwamba yeye mwenyewe hatatoka katika nyumba ile. Atazeeka na sindano mkononi, na Anicet huko aliko atadhani amesahauliwa.

Mkufu wa kumi na tatu hakumpelekea mama mkwe. Aliupeleka kwa Specioza, jirani aliyekuwa akiuza shanga soko la Mpanda mjini.

Specioza aliugeuza, akauvuta, akahesabu.

"Nani kakwambia una kosa? Huu hata mimi ningeuvaa kanisani."

"Mama anasema kila siku."

Specioza alimrudishia mkufu bila kumtazama usoni.

"Rudi kwa mama yako," alisema taratibu. "Mwambie Specioza kasema inatosha."

Goreth alirudi kwa hasira. Alimkuta Pelagia amekaa mkekani, akaunyoosha mkufu mbele yake.

"Hauna kosa. Specioza kaukagua, na kasema inatosha."

Pelagia alinyoosha mkono. Goreth akauficha mkufu mgongoni.

"Huu huukati, mama. Nimeshakujua. Hukutaka niende tangu mwanzo. Unataka mtu wa kukuchotea maji na kukupikia mpaka ufe. Mimi nina mume! Kesho alfajiri niko stendi, unisindikize usinisindikize, namfuata Anicet."

Alitegemea kutukanwa. Pelagia hakumtukana. Alishika pindo la sketi ya mkwewe kama mtoto.

"Umfuate wapi, mwanangu?" alisema. "Shimo lilimfukia tangu Kwaresima, na hata mwili hawakuutoa."