Nyuzi Sitini

Kufika wadi ya wazazi, Maximilla, mgawa chakula, akaona taa ya toroli alilosukuma, la betri linalotunza joto la chakula, imezimika. Kumbe mtu wa jikoni alikuwa amechomoa chaja ya toroli ili achaji simu yake.

Kwa kanuni ya hospitali, wali ukishuka chini ya nyuzi sitini unamwagwa, na akina mama waliojifungua asubuhi wanakaa njaa.

“Mama Chakula, fungua bwana! Huyu mtoto amenyonya hadi mifupa,” mzazi mmoja akaita kutoka kitandani.

“Ngoja, mama.”

Mlango wa toroli haukuwa umefunguliwa tangu jikoni. Akaufungua upenyo tu, akachomeka kipimajoto katikati ya wali. Mvuke ukamlowesha kope. Hamsini na moja. Hamsini na nane. Namba zikasita pale, naye akasita kupumua, kisha zikapanda polepole hadi sitini na sita.

“Shikeni sahani,” akasema, akicheka huku akijifuta macho.