Neno la Juu ya Faili

Siku ya tatu baada ya mzee Suhendar kuzikwa, mayai yake ya kware yalianza kupasuka. Wening alisikia milio kutoka jikoni, akawaacha watu wa hitima sebuleni, akaenda kuinama mbele ya mashine ya kutotolesha vifaranga. Joto ndani halikuwa limepanda wala kushuka. Programu iliyokuwa ikiiendesha aliiandika yeye mwenyewe miaka mitatu nyuma, kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, kama alivyofundishwa na marehemu.

Abah, ndivyo alivyomwita baba yake, alisomesha lugha hiyo katika chuo cha ufundi pale Garut mpaka macho yalipoanza kumsumbua. "Kompaila ikipokea ulichoandika," alikuwa akisema, "kwanza inatupa maelezo yote yasiyo amri, maana hayo tumeandikiana sisi watu. Halafu inatafsiri kwa lugha ya mashine, vipande vinaunganishwa, unapata programu. Haya, ipekue hiyo programu uone kama kuna salamu yako hata moja."

Basi nyumbani kwao maelezo yalikuwa ndiyo sanduku la posta. Wakigombana, hakuna aliyeomba radhi kwa mdomo. Wening aliandika juu ya faili, "Abah, nimekosa," na Abah akajibu chini yake, "Njoo ule." Mama yake, enzi za uhai wake, aliwacheka sana. "Vichwa vigumu nyinyi, hadi muombe mashine iwasuluhishe."

Mara ya mwisho waligombana juu ya Ajat, mgane mwenye watoto wawili, muuza supu ya nyama huko Bandung. Abah hakukataza ndoa. Alimpa ami yake Wening uwakala wa kuozesha badala yake. Wening alikaa wiki mbili akiandika programu mpya ya mashine ya kware, na juu ya faili akaweka maelezo: "Abah, simtaki ami. Njoo uniozeshe wewe. Usipokuja nitajua hukunisamehe." Akalitia faili kwenye flashi, akampa Kosasih, mwanafunzi wa zamani wa Abah mwenye duka la kompyuta, ampelekee.

Jibu lilikuja kwa simu ya Kosasih. Abah anasema programu imekubali, haina kosa. Maneno hayo hayo Abah aliwaandikia wanafunzi ambao hata majina hakuyajua.

Siku ya ndoa, huko Bandung, Wening aliitazama barabara mpaka ami alipomshika mkono bwana harusi. Tangu hapo hakukanyaga tena Garut.

Juzi alipofika msibani aliipekua kompyuta ya Abah faili kwa faili. Alitaka kuona tu kama kuna kitu kiliandikwa chini ya maneno yake, hata tusi. Faili lenyewe halikuwepo. Amelifuta, akajiambia, na akalia kuliko alivyolia alipopewa habari za kifo.

Kosasih aliingia jikoni na sahani ya vitafunio. "Wameanza kutoka? Mashine hii haijasumbua hata siku moja, dada."

"Abah alisema nini alipoikompaili?"

"Nani, Mwalimu? Na macho yale? Niliikompaili mimi dukani, nikamletea programu tayari, nikaitia kwenye mashine. Faili lako hata sikulifungua. Flashi ninayo bado, ila nimeijaza nyimbo, utaniwia radhi."

Wening aliipokea sahani, akaiweka mezani.

"Lakini mzee alikuwa na maswali," Kosasih aliendelea, huku akimtoa kifaranga kwenye ganda. "Siku ya harusi yako nilimkuta amevaa shati jipya la batiki tangu alfajiri, amekaa hapo hapo uliposimama. Akaniuliza, mara ya kumi hiyo, 'Kosasih, hakuna neno lolote la Wening humo ndani?' Nikamwambia hakuna, Mwalimu, ni programu tu."