Madigadi ya Kushoto

Sumaku ilidondoka.

Fundi aliiokota, akaipangusa kwa suruali, akaibandika tena kwenye madigadi ya kushoto, pale rangi nyeupe ilipotoa vipele. Ikadondoka tena. Akagonga kwa mpini wa nyundo. Kwingine kote gari lilikuwa limeitika, hapa lilinyamaza.

"Hapa bati limezikwa, Mwalimu. Juu ni puti tupu, ile lipu ya kujazia mashimo," alisema. "Aliyepita hapa kabla yangu alikuwa na haraka zake. Hakupaka dawa ya kutu, akaziba tu. Puti imekunywa maji miaka yote hii, na kutu inakula kwa ndani."

Mwenye gari alijikung'uta chaki mikononi. Alikuwa ametoka darasani moja kwa moja. "Ni gari la marehemu baba. Sitaki lioze, ndiyo kumbukumbu niliyobaki nayo. Kama liligongwa, kwa kweli…"

"Usihangaike kunieleza. Mimi si polisi."

Ndivyo alivyowaambia wateja wote, nao walimpenda kwa hilo. Walimwita Daktari wa Kutu, kwa sababu gari lolote kuukuu alilikagua bure, kuanzia uvunguni mpaka darini. Walidhani ni ukarimu. Hawakujua kilichomo ndani ya kiberiti anachotembea nacho katika mfuko wa shati: kigamba cha rangi, kidogo kama kucha, kijani juu, njano chini. Kilinasa kwenye mkanda wa mkoba wa binti yake, miaka kumi na moja iliyopita, gari lilipomgonga kwenye kona ya shule na kwenda zake. Alikuwa na miaka tisa.

Baba mtu hakumkuta hai. Alasiri ile alikuwa amejifungia bandani, simu kaizima, akinyoosha na kukitia kiraka kipande cha bati cha mtu aliyekileta mkononi, kimeshakwanguliwa rangi, akikitaka kabla jua halijazama. Alipofika hospitali, shuka lilikuwa limeshavutwa hadi usoni. Kaburini alimwapia mkewe kwamba atamletea watu wawili: dereva, na fundi aliyemsafishia dereva huyo gari lake. Huyo wa pili ndiye aliyemchoma zaidi.

"Dereva huenda aliogopa," alizoea kusema. "Fundi alikuwa na nafasi ya kufikiri."

Na mtoto hakuwa ameondoka. Kila alipogonga bati, pigo la pili lilifuata, jepesi, kama enzi zile alipochuchumaa kando yake na kijiko akimwigiza. Hata alama yake ya kazi ni mtoto aliyemchagulia: kila kiraka, kabla ya puti, fundi alikipiga msumari vidoti vitatu pembeni, ili gari likirudi aijue kazi yake. Mtoto alikuwa akivihesabu kwa kidole. Cha baba, cha mama, changu.

Fundi alipiga magoti mlangoni mwa gari, akakwangua kizingiti kwa wembe, kama alivyokwangua mamia mengine. Ilitoka nyeupe. Chini ya nyeupe, kijani. Chini ya kijani, njano.

Alifungua kiberiti, akaweka kigamba kando ya mkwaruzo. Havikupishana hata kidogo.

"Kuna tatizo?" Mwalimu aliuliza.

"Hili gari lilikuwa la kijani."

"Ndiyo. Nilirudi likizo kutoka chuoni nikalikuta jeupe. Baba alisema alikwaruza ukuta, fundi mmoja akamnyooshea siku ileile, wala hakumuuliza neno. Basi, tangu hapo hakuliendesha tena. Aliliosha tu, kila siku, upande huo mmoja." Aliinamisha kichwa. "Tulimzika mwezi wa pili."

Fundi alimtazama. Laiti angekuwa na kitu cha kumfanya amchukie, lakini alikuwa mwalimu aliyechoka tu, na chaki kwenye nywele.

"Kaa kwanza hapo nje, dada yangu," alimwambia. "Nitakuita."

Alimpigia mkewe, akaweka simu juu ya boneti, sauti wazi.

"Nimelipata."

Kwa miaka kumi na moja mkewe alikuwa akimuuliza kila jioni, na kila jioni jibu lilikuwa lile lile. "Dereva?"

"Amekufa."

"Amekuwahi. Na yule mwingine?"

"Kazi yake ninayo hapa mbele yangu. Kila fundi ana mkono wake, na mafundi wa mji huu wote nawajua. Nikitoa puti nitamjua."

"Basi toa. Sikati simu. Nataka nilisikie hilo jina leo leo."

Alichukua tindo. Puti ilikuwa nene, na kwa kila pigo alisikia pigo lile jingine likifuata, karibu zaidi kuliko siku zote, kama mtu anayebisha kutoka upande wa pili wa bati. Alitaka kulia, lakini hakuacha. Alijisemea kwamba mtoto anafurahi. Alijisemea kwamba leo atalala.

Kipande kizima kikaachia, kikapasukia sakafuni.

Vumbi lilipotulia alipitisha kidole gumba juu ya bati, taratibu, akipangusa kutu. Kiraka kilikatwa vizuri, kikakunjwa vizuri. Kwenye pembe ya chini kulikuwa na kidoti. Kando yake cha pili. Kando yake cha tatu.

"Haya," mkewe alisema juu ya boneti. "Umemjua?"