Salamu ya Saa Nne Asubuhi

Kilichomfukuza yule binti mlangoni hakikuwa bango wala kelele. Kilikuwa salamu.

"Asmahan! Hee, mwanangu! Hujambo? Mama hajambo?"

Maneno yalimtoka Zainab kabla hajafikiri. Alikuwa anapiga deki ngazi za kliniki, ndoo miguuni, na mtoto wa rafiki yake, huyo anakuja, peke yake, akiangaza huku na huku. Sasa utamwona mtoto wa mwenzio ukanyamaza?

Asmahan aliganda kama aliyekanyaga waya wa umeme. Akageuka kutazama kituo cha basi, mara mbili.

"She's fine, anti," akasema. "Yuko fine."

Kisha akarudi alikotoka, nusu anatembea, nusu anakimbia. Basi likaja, likazoa waliokuwa kituoni, likaenda zake.

Hapo ndipo Zainab alipokumbuka amesimama mlango gani.

Saa nne na nusu Sukhvinder wa mapokezi akaingia jikoni kutia chai. "Wa saa nne hakutokea," akamwambia nesi. "Maskini. Na siku hazimngoji."

Zainab, pale kando ya sinki, akaikamua mopu mpaka viganja vikamuuma.

Mlangoni pamebandikwa karatasi ya sheria. Ndani ya mita mia na hamsini, mtu asimzuie anayekuja kliniki, asimtishe, wala asimshawishi. Zainab aliikumbuka hali ya kabla yake: watu wa mabango na picha za kutisha, wakiwafuata wanawake hadi kwenye ngazi, wakiwaita wauaji wa watoto walio tumboni. Sheria ikawasogeza mbali. Tangu siku hiyo wanawake waliingia bila kujifunika nyuso. Na leo kafukuzwa mmoja, na aliyemfukuza analipwa na kliniki hiyohiyo.

Nyumbani hakuna aliyejua kazi yake. Watu wote aliwaambia anasafisha ofisi ya bima. Na ili asishukiwe, hakuna mtu katika mtaa wao mzima wa Alum Rock aliyeilaani kliniki ile kumshinda yeye. Sebuleni kwa Jokha, mama yake Asmahan, wanawake wamekaa, sinia la vileja katikati, Zainab ndiye aliyepaza sauti: "Mwanamke anayeingia mle, mimi akifa sendi hata kumwosha!"

Wenzake walicheka, wakajipiga mapaja. "Ulimi wako huo, Zainab!" Jokha alikuwa anamimina chai. Alimimina mpaka ikafurika kwenye kisahani.

Siku tatu aliwaza afanye nini. Kumwendea Jokha? Haiwezekani. Jokha ana ugonjwa wa moyo. Tangu mwaka jana dawa haziondoki kwenye mkoba wake, na mwezi huu hata darsani hajaonekana. Habari kama hiyo ya bintiye wa pekee ingemmaliza.

Ikabaki njia moja, nayo chungu. Amwendee Asmahan mwenyewe, amfungulie yake ya moyoni, ili mtoto ajue pale mlangoni hana wa kumwogopa. Na Asmahan akishajua, nani atazuia isifike kwa wengine? Watamnyooshea vidole madukani. Harusini atakaa meza ya peke yake.

"Na wanyooshe," alisema ndani ya basi, kwa sauti, mpaka mtu wa kiti cha mbele akageuka.

Asmahan alikuwa muuzaji katika duka la mabuibui. Alikuwa anapanga mitandio kwenye kaunta, wateja hamna. Alipomwona nani ameingia, mikono ikasimama.

"Shikamoo, anti. Tuna new stock, zimekuja jana…"

"Marahaba, mwanangu. Mimi sikuja kununua. Nimekuja kukuomba radhi."

"Radhi ya nini?"

"Unaijua. Usinifanye mtoto na mimi nisikufanye mtoto." Zainab akaegemea kaunta. "Mimi pale nasafisha. Mwaka wa nne huu. Yale yote niliyokuwa nayasema nyumbani kwenu yalikuwa maneno ya woga, najificha, basi. Wanaoingia pale nimewaona wakilia, nikawaletea maji. Sijamlaani hata mmoja."

Asmahan akaukunja mtandio, akaukunjua tena.

"Rudi, mwanangu. Wapigie simu leo, wakupe siku nyingine. Niambie ni lini, siku hiyo mimi siji kazini, hutaiona hata ndoo yangu. Na mama yako hatasikia kwangu, hata nichinjwe. Na moyo wake ule, mimi nimuue Jokha kwa maneno?"

"Anti, stop."

"Siachi! Wewe bado mdogo, una maisha yako mbele…"

"Anti Zainab!" Mtandio ulimwanguka mkononi, asiuokote. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na Kiswahili chake, kile cha kuokota okota, kikatoka polepole, neno kwa neno, asije akakosea.

"Mwenye appointment si mimi. Mimi nilitangulia tu, kuangalia kama mlangoni hakuna mtu anayemjua. Daktari amemwambia Mama, mimba hii moyo wake hautaiweza. Alikuona, anti. Alikuwa kituoni, nyuma ya kioo. Akasema bora imuue, kuliko Zainab ajue."